Sasisho Ndani ya Fungate

Alhamisi, Nyakabiga

Mama ameiona hina yangu! Anaugua huko Uvira, hakufika harusini, na hina ilianza kufifia. Simu nayo ikagoma kupiga video mpaka nisasishe mfumo wake. Wi-Fi hatuna, na bibi harusi hatoki nje kabla fungate haijaisha.

Mume wangu akanigawia intaneti ya simu yake. Mtandao unashika dirishani tu, basi akasimama pale, mkono juu.

“Chéri wangu, pumzika,” nikamwambia.

“Apana! Mi nikishusha mkono, inakatika.”

Niliogopa picha za harusi zitafutika. Sasisho likaisha, zote zipo! Mama akatokea kwenye video, nikamwonyesha viganja. Akalia, akacheka, akasema, “Nipe mkwe wangu nimshukuru.”

Mkwe kwa haya akajificha nyuma ya pazia, mkono tu ukabaki dirishani. Jamani, nampenda huyu mtu!