Kidole cha Bibi na Kishikwambi Kipya

Mjukuu wangu Anita,

Sisi wa Kizwite tu wazima, na ulezi umevunwa. Mimi, mdogo wa mwisho wa bibi yako, ni babu yako japo nimehitimu chuo juzi tu. Kwa heshima nalijibu swali lako: kishikwambi kipya kimekizidi nini kile cha zamani?

Kioo chake ni angavu zaidi. Lakini bibi yako alitaka kuifungua mwenyewe picha yako, na vidole vyake vimekomaa kwa jembe; kioo hakikuvisikia.

“Hata hiki kinanikataa!”

“Dada, lowesha kidole, kama unapookota ulezi uliomwagika.”

Akakigusisha kwenye ulimi, kisha kwenye kioo. Nawe ukatokea pichani.

“Kumbe nacho kinataka kuokotwa!”

Tofauti ninayoijua kwa hakika ni kwamba sasa anakutazama bila kuniita.

Babu yako mdogo,
Deo