Msala wa Marehemu Mabruki

Chemchem, Tabora
9 Oktoba 2023

Kwa dada yangu Martha,

Shikamoo. Umenizidi mwaka mmoja tu, lakini toka tulipokuwa shuleni, bwenini kitanda cha juu kilikuwa chako, na mimi wa chini nikazoea kukuamkia. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, isipokuwa nyonga ile ile. Anayekuletea hii ni Shamila, binti wa kaka yangu, anayekuja huko Puge kununua mchele. Simu ya kupitia kwa majirani siitaki, haina siri.

Dada, nimeanza yoga. Cheka kwanza, nakusubiri.

Umeshamaliza? Haya. Mimi pia nilidhani ni mambo ya watu waliokosa jembe. Lakini kuna mama anaitwa Veneranda, muuguzi mstaafu, alikuwa akiwanyoosha wagonjwa viungo. Kila Jumamosi asubuhi anasogeza makochi yake ukutani, tunaingia watano, na mdogo wetu ana miaka hamsini na minane. Siku ya kwanza alitufundisha kusimama. Wanauita mlima: miguu pamoja, mikono chini, unapumua. Nikamwambia, mwalimu, kusimama najua. Akasema hujui. Zilipita dakika tatu jasho likanitoka!

Kisha paka na ng'ombe. Unapiga magoti na kushika chini kwa mikono, unapandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa, halafu unaushusha kama ng'ombe mzee. Kisha mtoto: unakalia visigino, unainama mpaka paji la uso liguse chini, unatulia. Mwisho kabisa unalala chali, viganja juu, hutikisiki. Hilo linaitwa maiti. Asmahani anayeuza viungo sokoni alilala akakoroma, na mwalimu akamsifu.

Nimekuandikia kwa sababu ya mgongo wako. Mwezi wa pili huu, na mimi sasa navaa viatu bila kukaa. Jaribu, dada. Hakuna wa kukucheka ila mimi.

Mdogo wako,
Mwamvita


Puge
2 Novemba 2023

Mdogo wangu Mwamvita,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na halua, na halua imekwisha. Huku tunangoja mvua. Salimia wote hapo Chemchem.

Mgongo umeniweza. Miaka hamsini ya kuinamia jembe, sasa unadai chake. Nimefunga kamba kwenye boriti juu ya kitanda, asubuhi najivuta kama ndoo ya kisima. Daktari alinionyesha picha, akasema mifupa ya uti inabana mishipa. Kupasuliwa ni Dar es Salaam, na kwa umri huu hashauri. Akasema nijinyooshe kila siku, ndicho kitakachoniweka kwenye miguu. Hakusema vipi.

Benjamini wangu, yule mwinjilisti wa Bukene, alikuja akaiona kamba. Alikaa akalia, Mwamvita, mtu mzima na ndevu zake. Akasema: "Mama, karanga za mwaka huu zikivunwa bado huwezi kuamka mwenyewe, nakuja kukuchukua." Ni mtoto mwema na hajakosea. Lakini nyumba hii nilijenga na baba yake, tofali nilifyatua mimi nikiwa na mimba yake. Kwake nitakuwa mgeni mpaka nife. Sitaki. Nataka niamke mwenyewe, basi, sina ombi jingine.

Kwa hiyo nimejaribu. Ng'ombe naweza, nimeishi nao. Paka ananiliza mifupa. Nilitandika gunia, likateleza, nikabaki chini nusu saa nikicheka peke yangu kama mwehu. Maiti sifanyi. Huyo atanikuta tu, sina haja ya kumfanyia mazoezi.

Nitandike nini kisichoteleza?

Dada yako,
Martha


Chemchem
20 Novemba 2023

Dada Martha,

Shikamoo. Nashukuru Mungu tu wazima, mvua huku imeshanyesha mara mbili.

Mikeka ya yoga hapa mjini sijaiona. Veneranda analalia blanketi. Nimepekua kabati, nimekuletea msala wa marehemu mume wangu Mabruki. Yeye hausalii tena, mimi ninao wangu, na huu ni mzito, chini una manyoya, hauendi popote. Picha ya msikiti imefifia, usijali. Najua Mabruki angekupa kwa mikono yake.

Utandike barazani penye mwanga, ndani kwako ni giza. Fanya alfajiri kabla hujala kitu. Unawe miguu kwanza, usiuchafue, na jifunike kanga kichwani maana ubaridi wa alfajiri unaingia masikioni. Anza na mlima, kisha paka na ng'ombe mara kumi, kisha mtoto. Ukifika kwa mtoto usikimbilie kuinuka. Kaa hapo paji likiwa chini, pumua mpaka mgongo ulegee wenyewe.

Na maiti ufanye, mkaidi wewe.

Mdogo wako,
Mwamvita


Puge
14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, na heri ya mwaka mpya! Kaa chini ndiyo usome.

Alhamisi niliamka mwenyewe. Sikugusa kamba. Niligeukia ubavu, nikasukuma kwa kiwiko, miguu ikashuka, nikawa nimesimama. Nikafanya mlima hapo hapo kando ya kitanda na machozi yananitoka. Jana nimepalilia karanga matuta mawili. Mawili, Mwamvita! Kila alfajiri natandika, kama ulivyosema yote, miguu nimenawa na kanga kichwani. Benjamini sijamwambia, nataka aje mwenyewe anikute shambani.

Jambo moja tu linanisumbua. Krismasi kwaya haikupita kwangu. Nilikuwa nimewakaangia karanga sinia zima, zikabaki. Na Recheli, jirani yangu, kila masika ananiletea uyoga, mwaka huu hakuleta. Mwaka mpya alichinja kuku, akaniuliza kama nitakula au siku hizi nina mchinjaji wangu. Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Labda ni wivu, wameona nimenyooka. Nakutumia michembe ya viazi, chemsha na karanga kama tulivyokuwa tukifanya.

Dada yako,
Martha


Chemchem
3 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nilikuwa nasoma barua yako nikicheka kwa furaha, nikafika kwenye mchinjaji kicheko kikakatika.

Dada, wanadhani umesilimu. Shamila ameniambia leo kwamba wanawake stendi ya Puge walimuuliza, "Yule bibi mmeshambadilisha jina?" Akadhani ni utani, hakuniambia. Hebu jitazame kwa macho ya Recheli akichungulia uani: alfajiri, miguu umenawa, kanga kichwani, msala umetandikwa, paji chini. Mimi mwenyewe ningekuja kukupa mkono wa pongezi!

Ni mimi. Sikufikiri. Kwangu msala ni kitu cha nyumbani na wewe ni Martha, akili haikwenda mbali. Ukunje leo hii. Tandika blanketi, ingia ndani, vua kanga, waite waje waone. Na umweleze Benjamini kabla hajaelezwa na watu. Nisamehe, dada, sana.

Lakini usiache mazoezi. Hilo nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako,
Mwamvita


Bukene
9 Aprili 2024

Mdogo wangu Mwamvita,

Marahaba. Unaona nilipo, sina haja ya kukuambia. Mke wa Benjamini, Consolatha, ananitunza vizuri.

Barua yako nilipewa mwezi wa tatu, Shamila alikuwa anaumwa. Ilikuwa imeshachelewa. Walikuja Jumamosi, wazee wa kanisa watatu, na Benjamini nyuma yao ameinamisha kichwa. Waliniuliza kwa upole, siwezi kuwasema vibaya. Nikawaambia nafanya paka na ng'ombe. Mzee Gerson akasema, "Mama, hatukuja kucheza hapa." Basi nikawaonyesha. Mlima wakatazama. Ng'ombe wakatazama. Nilipofika kwa mtoto, paji likagusa chini, Benjamini akatoka nje.

Mwisho wakasema hawataki maneno mengi. Niuchome ule msala mbele yao, yaishe, Pasaka nije kwenye Meza ya Bwana pamoja na wenzangu. Walileta kiberiti kabisa.

Ningeweza, Mwamvita. Ungenisamehe, najua. Niliushika mkononi. Nikaona pale katikati palipolika, alipokuwa akiweka paji lake. Nikawaambia sichomi alipoinamia mtu aliyeshona suti aliyozikwa nayo mume wangu. Benjamini akasema, "Mama, ni kitambaa tu." Nikamwambia, kama ni kitambaa tu kiacheni. Hapo ikawa imekwisha. Pasaka nilikaa nyumbani.

Alinihamisha wiki hiyo hiyo. Karanga ziko ardhini, atavuna Recheli. Nilimwambia naamka mwenyewe, akaniambia anaona, lakini hawezi kuniacha huko nipotee. Hapa mazoezi hakuna. Nikipiga magoti tu watoto wake wanakimbia kuita. Mgongo unajua, umeanza kurudi ulikokuwa.

Msala nimempa Shamila akurudishie. Haujaungua hata uzi.

Dada yako,
Martha


Chemchem
28 Julai 2024

Dada yangu Martha,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu toka ile yako ya Bukene, mbili hukujibu. Natumaini ni posta.

Jumamosi nilipanda treni nikaja. Sijui kama walikuambia. Consolatha alinipokea vizuri, akanipa kiti na uji wa mtama, akasema mama amelala. Nikangoja. Akaja tena akasema bado amelala. Nikaomba niende dirishani tu. Nilisimama pale, pazia limefungwa, nikakuamkia. Shikamoo, dada. Kimya. Nikarudia. Mara ya tatu nilisikia mtu anakohoa, na kikohozi chako nimelala chini yake miaka minne, siwezi kukisahau.

Ulikuwa macho.

Benjamini alinisindikiza mpaka stesheni, amenibebea mkoba. Treni ilipokuja akasema, "Mama mdogo, nilikuwa nataka kumwokoa." Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga kofi.

Dada, nimeacha kwa Veneranda. Msala uko kabatini, nikifungua kutafuta shuka nafumba macho. Kama umenikasirikia una haki, lakini niandikie unitukane. Nitukane kwa mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mwamvita


Bukene
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe mwandiko. Naandika nimelala, karatasi iko juu ya Biblia na Biblia iko juu ya tumbo. Nimeanza Jumatano, leo Jumapili.

Miguu imekwisha. Mwezi wa sita ilianza kufa ganzi, wa saba ikakataa. Daktari amekuja, anasema mishipa imebanwa mpaka basi, na kwamba hata ningeendelea na mazoezi lingekuja tu. Sijui kama ni kweli au alimwonea huruma Benjamini aliyesimama pale. Wewe shika kwamba ni kweli. Mimi nimeamua kushika hivyo.

Sijakukasirikia hata siku moja. Siku ile sikulala, nilikujua toka sauti yako ilipoingia uani. Nilikuwa nimejilowesha, Mwamvita. Consolatha alikuwa hajafika kunibadilisha, chumba kinanuka. Wewe uliniona niko kitanda cha juu maisha yote, sikutaka uje unikute hapa. Ni mimi niliyemwambia aseme nimelala. Usimlaumu yeye wala Benjamini. Kila jioni mwanangu ananigeuza kwa mikono yake na haniangalii usoni.

Wazee wa hapa walitaka kunirudisha Mezani, waje nayo kitandani. Wakauliza tena habari ya msala. Nikasema uko Tabora, kwa mwenyewe. Wakaondoka.

Lile la mwisho, nililokataa, sasa nalifanya kutwa. Chali, viganja juu, sitikisiki. Mwambie mwalimu wako nimewapita wote.

Rudi kwa Veneranda. Utoe msala kabatini, usalie wewe, usikae bure. Wala usije tena Bukene, nakuomba, niache nibaki nilivyokuwa Januari, kwenye matuta yangu mawili.

Mkono umechoka. Nilitaka tu kukujibu. Uliniamkia mara tatu pale dirishani, na mimi nikanyamaza kama sina adabu.

Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Marahaba.

Dada yako,
Martha