Ufunguo wa Chumba cha Michoro

Iyunga,
Mbeya.
9 Februari, 2025

Mpendwa kaka Alinanuswe,

Ugonile, kaka. Habari za huko Windhoek, habari za wifi na watoto? Lile goti lako bado linakusumbua, au joto la huko limelituliza? Huku tu wazima wa mwili. Mvua hairuhusu hata kuanika nguo, mahindi yamestawi, na mama anakwenda mpaka kwenye migomba na kurudi bila fimbo. Mimi tu ndiye nisiye na amani.

Barua hii namkabidhi jirani yetu Sifaeli, anayeendesha lori la kuja huko. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu huusomi. Nimemwambia asikuachie mlangoni, akupe mkononi.

Kaka, najua hasira yako ilikuwa ya haki. Baba alichora majengo maisha yake yote, halafu siku ya msiba wake shangazi Blandina anaingia chumbani mwake, anachukua michoro, anafunikia wali na kupalia mkaa juu! Aliona makaratasi makubwa, magumu, akadhani ni ya mifuko ya simenti. Ulipofunua sufuria ukakuta shule ya Chunya imelowa mvuke, ulilia kuliko ulivyolia kaburini. Wazee walipokusimika mrithi wa baba, ulikifunga chumba kwa kufuli ukaondoka na ufunguo. Hata mimi nilikusifu.

Lakini kufuli halizuii mvua. Upepo wa mwezi uliopita umeng'oa bati juu ya chumba hicho. Nimefunika turubai, limepeperuka. Fundi anasema kenchi iliyobeba paa imevunjika, hawezi kurudishia bati bila kuingia ndani. Nikipita mlangoni nasikia matone yakidondokea makaratasi, na harufu ya kuvunda inatoka chini ya mlango. Mchwa nao wameshapanda kwenye fremu. Naishi na sauti hiyo, kaka, na sasa naogopa hata mawingu.

Halafu kuna Igowole. Lile kanisa alilochora baba, ulikofungia ndoa na wifi, limepasuka ukuta wa nyuma. Baba alizika mfereji wa mawe pale wa kuyapeleka pembeni maji ya mlimani. Umeziba, na hakuna anayejua unapita wapi. Mafundi wanaogopa kuchimba kwa kubahatisha, kwa hiyo kamati imeamua kwamba mchoro usipopatikana kabla ya Pasaka, kanisa linabomolewa. Mwenyekiti wao, mzee Kalinga, amesafiri mpaka hapa kuuomba. Alikaa sebuleni, kofia magotini, akiutazama ule mlango. Nilimpa chai tu.

Na si yeye tu. Mwalimu Veronika, anayefundisha usanifu chuoni, anaomba aipige picha michoro yote, picha ziwekwe maktaba, kila mtu aione bila kugusa karatasi. Siku unaondoka ulisema watu wa nje watamwiba baba. Kaka, watu wa nje hawajaharibu karatasi ya baba hata moja. Ni sisi ndugu, na wali wetu. Karatasi ni zetu, sawa, lakini wenzetu wanasoma, wanaugua na kusali ndani ya hiyo michoro.

Juzi nilichukua shoka. Baba mdogo Jailos akanishika mkono: "Wee Atuganile, kufuli ya mrithi haivunjwagi. Labda mwenyewe awe ameshafariki." Nikamwuliza, je, akiwa hai na hajibu? Jana ameita ukoo, na wameamua. Sifaeli akirudi bila ufunguo na bila neno lako, utahesabiwa umekufa. Tutakaa matanga, mlango uvunjwe, asimikwe mwingine. Mama alitoka nje, hakurudi mpaka kikao kilipokwisha.

Nakupigia magoti, kaka. Mpe Sifaeli ufunguo. Kama umekupotea, mpigie Baba mdogo useme tu, "Fungueni." Neno moja linatosha. Ukitaka kunitukana, nitukane baadaye, nitafurahi kuisikia sauti yako.

Mama anakusalimu. Shangazi Blandina anakuomba radhi, tangu siku ile hajapika wali. Nisalimie wifi na watoto wenu, hasa mwanangu Joachim. Mungu aliyempa baba mkono wa kuchora akulainishe moyo na kukulinda njia zote.

Nimeshatumwa mchele wa matanga yako, kaka, na nimeununua. Nimenunua na nailoni ya kufunikia, maana karatasi hatugusi tena. Usiniache nikupikie wali huo na hali u mzima.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinyamaza,
Atuganile