Nimemfungia Geti Padri Aliyekuja Kumpaka Mke Wangu Mafuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa hapa Njoro ni watu huja kuomba kwangu, maana ng'ombe wa gredi, wa kizungu wa maziwa mengi, wa kwanza kijijini alikuwa wangu na katekisimu niliijua yote kwa kichwa kabla huyu padri wetu hajazaliwa, shule sikuenda mbali lakini akili ninayo. Sasa mke wangu Wamaitha ako na uvimbe kwa tumbo, daktari wa Nakuru amesema atapasuliwa mwisho wa mwezi, na yeye bila kuniuliza akaambia jumuiya yetu ya kanisa anataka padri amletee Mpako wa Wagonjwa, nami najua huo ni ule Mpako wa Mwisho, wamebadilisha jina tu, na ushahidi niko nao, jirani yangu Ndung'u alipakwa asubuhi tukamlilia jioni, mama yake Kahiga naye alikata roho hata chai ya padri ilikuwa haijapoa. Kwa hivyo Jumamosi padri alipofika na Edinah, mwenyekiti wa jumuiya, nilitia geti kufuli nikawaambia kwangu hakuna maiti. Edinah akaniita kichwa ya mawe, padri akasema tu atarudi nikimwita. Tangu hapo Wamaitha hanisemeshi, isipokuwa jana akiniwekea chakula alisema, "Baba Shiru, wewe unaogopa mafuta, mimi naogopa kisu." Mimi sijakosea, namlinda, lakini nyumba imekuwa baridi. Mwambie anisikize.

Mbugua, Njoro

Mzee Mbugua, pole kwa ugonjwa wa mama Wamaitha. Pole imeisha hapo, sasa nisikize wewe.

Kweli zamani sakramenti hii ilingojewa mpaka mtu aanze kukata roho. Lakini Kanisa limeshaeleza wazi kwamba ni ya mgonjwa yeyote aliye hatarini, hata mzee aliyeishiwa nguvu, na anayengoja opereshoni kubwa ni mmoja wao. Inampa nguvu, amani na msamaha wa dhambi, na Mungu akipenda, hata afya. Akiugua tena, anapakwa tena. Hapo kwenu wako waliopakwa na leo wanakamua ng'ombe wao. Hao hukuwahesabu kwa sababu hukuwazika. Ndung'u hakuuawa na mafuta. Nyinyi majirani mlimwita padri baada ya kumwita fundi wa jeneza.

Tena Wamaitha amebatizwa kama wewe. Kumnyima mgonjwa neema anayoiomba ni dhambi, mzee, na utaiungama.

Leo hii mpigie padri simu wewe mwenyewe, usitume mtu. Tandika kitambaa cheupe mezani, washa mshumaa, mpe Edinah kiti. Mama akitaka kuungama kwanza, tokeni nje nyote. Padri akimpaka kwenye paji la uso na viganja, itikia sala kwa sauti. Wageni wakishaenda, kaa karibu naye umwambie unaogopa kumkosa. Barua nzima umelizunguka neno hilo, ukaniandikia mimi, na anayelingoja yuko jikoni kwako.