Goti Lililopoa

Kabambare, Jumapili, Julai 1959. Kiangazi kikavu, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye mikeka ya msiba.

Juzi tulimzika Zaituni, mdogo wangu.

Kwa miaka viungo vyake vilivimba na kuwaka, hata kuchuchumaa jikoni kulimshinda. Mwanzoni mwa mwaka daktari Mbelgiji wa zahanati alimpa vidonge vya kotizoni. Kila asubuhi Mama alivisaga, akavichanganya na asali, akamlisha kwa mkono wake. Magoti yakapoa. Nilipokuja likizo ya Pasaka kutoka chuo kikuu, ninakosomea udaktari, nilimkuta anacheza ngoma harusini kwa binamu yetu. Nikamsihi apumzike. Akanicheka mbele ya watu: "Kaka, weye iko daktari ya mudomo tu! Kuja ucheze!"

Nikacheza.

Kwetu ugonjwa hupimwa kwa kiganja: goti la moto linaumwa, goti baridi limepona. Muhula uliofuata, Zaituni akiwa tayari anakohoa, nilifundishwa maana ya moto ule. Kotizoni ni homoni, ndugu wa ile inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Huziamuru chembe nyeupe za damu zitulie, na vimeng'enya vyao vinavyosaga vijidudu hubaki vimefungiwa. Uvimbe hunyamaza, na ulinzi nao hunyamaza. Kifua kikuu kilichokuwa kimelala mapafuni mwake kikaamka, kisikute wa kukizuia.

Mzungu angepigwa picha ya kifua kabla ya kidonge cha kwanza. Dada yangu aliulizwa jina na kabila! Mapafu ya mtu mweusi hayastahili hata kutazamwa?

Leo, baada ya hitima, Mama aliniita uani.

"Mwanangu, weye musomi. Ile dawa nilimupa na mukono yangu. Ndiyo iliua mutoto?"

Mimi, niliyehutubia bweni zima kwamba ukweli hauombi ruhusa, nilianza kuchagua maneno.

"Kifua ndiyo ilimuua, mama. Mukono yako ilimutolea maumivu."

Hakuna neno la uongo humo. Nililolimeza ndilo zito.

Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi kuwapakulia wageni wali. Sitamwambia kamwe.

Kesho nitasimama mlangoni kwa yule daktari, nimweleze yote kwa Kifaransa chake, bila kupunguza. Ukweli huu una mwenyewe, na mwenyewe si Mama.

Sijui kama atanifungulia.