Sekunde Hamsini na Swichi ya Mwenyekiti

UMOJA WA WATUMIAJI WA MTANDAO, UTENDE
KIKAO CHA DHARURA, 14 MEI 2024, NYUMBA YA WAGENI YA MWENYEKITI

Waliohudhuria: Bw. Muhidini (Mwenyekiti), Bi. Cresensia (muuguzi wa zahanati), Bw. Theonest (fundi mtandao), Bi. Bimkubwa (Katibu).
Hakufika: Bw. Suleimani, bila udhuru. Alionekana dirishani akipita.

KUMB. NA. 1/5/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa ufupi, kisha akazungumza robo saa.

KUMB. NA. 2/5/2024: MTANDAO KUKATIKA
Muuguzi alieleza kwamba juzi, mama mmoja, Zuena, akijifungua zahanati, daktari alikuwa akimwelekeza Muuguzi kwa video. Daktari akasema, "Muuguzi, chochote utakachofanya, usi—" picha ikaganda dakika kumi na mbili. Mtoto alizaliwa salama, ila Muuguzi alisema Ijumaa kuna mzazi mwingine.

KUMB. NA. 3/5/2024: CHANZO
Fundi alieleza kwamba swichi nne, yaani visanduku vya kugawa mtandao, zimeungwa kwa duara, na njia moja hufungwa makusudi ili data isizunguke bila kikomo. Waya ukikatika, njia hiyo hufunguliwa, ila swichi husubiri kama sekunde hamsini kujiridhisha kwamba data haitazunguka.

Katibu aliuliza dakika kumi na mbili zimetoka wapi. Fundi alimtazama Mwenyekiti. Ilibainika kwamba mtandao ukikatika, Mwenyekiti huchomoa kwenye umeme swichi iliyo hapa kwake na kuichomeka tena. Swichi hiyo kongwe ndiyo kiongozi wa zote. Ikizimwa, zilizobaki huchagua kiongozi upya na kungoja huanza mwanzo. Juzi aliichomoa mara kumi na moja.

Mwenyekiti alisema, "Jamani, nilikuwa nasaidia!" Katibu alisema astaghafirullahi, na ameona vema iandikwe.

KUMB. NA. 4/5/2024: HATUA
Fundi alieleza kwamba swichi tatu zina utaratibu mpya unaoziwezesha kukubaliana njia kwa sekunde moja au mbili. Ya Mwenyekiti haiujui, hivyo iondoke. Mwenyekiti alipinga: aliichangia Umoja yeye mwenyewe, na ukongwe si kosa. Muuguzi alijibu, "Kaka Muhidini, nitaiamkia shikamoo kila asubuhi, lakini itoke."

Kura: watatu kwa mmoja. Fundi alitoa swichi mpya ambayo, kumbe, alikuwa nayo mkobani. Utaratibu mpya uliwashwa kote, Muuguzi akampigia daktari kwa video, Fundi akachomoa waya mmoja kujaribu. Mkono wa Mwenyekiti ulishafika kwenye plagi ya swichi mpya; Muuguzi aliudaka. Daktari alikuwa bado anaongea.

Muuguzi alilia. Mwenyekiti alisema, "Nisamehe, dada yangu. Kumbe ni mimi."

KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa 12:05 jioni. Mwenyekiti ametia saini kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeishika swichi kongwe mapajani.

Muhidini, Mwenyekiti
Bimkubwa, Katibu