Diski za Kaka Yangu Zinafika Tupu

Mpendwa Shangazi Hellen, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi, maana nimeshaamua jambo na wenzangu hapa kazini wananisihi nisilifanye kabla sijasikia neno lako.

Mimi napiga chapa kwenye duka moja la steshenari hapa Mirongo, na kaka yangu Alexander ni mwalimu kule kwetu kisiwani, Nansio, tumezaliwa wawili tu kwa mama yetu Tereza, ambaye watu wanamjua kwa hadithi, akianza moja hata mwenye haraka ya kuwahi meli anakaa chini. Mwaka jana kaka aliona mama anazeeka, akawa anakaa naye wakimenya mihogo na kuziandika hadithi zake kwenye kompyuta aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao, tukakubaliana yeye aandike, mimi huku mjini nizipange na kuzichapisha ziwe kitabu, na kabla hatujafika popote mama akapata kiharusi, sasa anasikia kila kitu na anatutambua lakini ulimi haumtii, kwa hiyo hadithi zake ni hizo zilizoandikwa, hakuna nyingine.

Sasa sikia maajabu, Shangazi. Kaka akanitumia diski ya kwanza kwa mtu wa meli, nikaitia kwenye kompyuta ya dukani, mashine ikasema diski haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa, na mimi kazi yangu naijua, swali hilo tunaulizwa tukitia diski mpya kutoka kwenye boksi, nikajibu ndiyo, ikasaga weee, kuja kufungua, tupu! Nikampigia simu shuleni, akasema labda imeharibika njiani, hiyo atairudia baadaye, akaniletea ya pili yenye hadithi nyingine, mambo yakawa yale yale. Nilipomwambia, badala ya kuomba radhi akaanza kujisifu kwamba kompyuta yake haitumii Windows kama zetu, eti inatumia Linux, nami nikamjibu hata ikitumia mafuta ya taa mimi nataka hadithi za mama, tukakatiana simu.

Halafu umeme ukakatika Nansio, ukarudi kwa kishindo na kuiunguza ile kompyuta, vyote vilivyokuwamo vikaenda, na sasa kaka anawatangazia ndugu kwamba Getruda amemfuta mama. Nimemfuta mama! Mimi niliyekuwa namwogesha kule hospitali hadi akaruhusiwa! Baba mdogo Machibya ameitisha kikao cha ukoo Jumapili ijayo, na kaka ameniletea diski ya tatu na ya mwisho, anasema aliijaza kabla kompyuta haijaungua. Ninayo hapa mkobani, sijaigusa, maana najua ni tupu kama zile nyingine. Nimeamua kuifomati mbele ya mashahidi hapa dukani, waone kwa macho yao, kisha niende nayo kikaoni nimtupie miguuni, na undugu uishie hapo. Je, nakosea?

Getruda, Mirongo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Getruda. Unakosea. Toa kwanza mkono kwenye huo mkoba, ndipo tuongee.

Pole sana kwa mama. Nimesoma barua yako nikaona uchungu wa mtoto anayempenda mama yake, na sitaki mtu yeyote kwenye hicho kikao akwambie vingine. Lakini sikupaki mafuta. Zile diski mbili hazikufika tupu. Zilifika zimejaa, na aliyezifuta ni wewe.

Mimi si fundi. Nilimsomea barua yako Luhaga, anayetengeneza kompyuta pale Mabatini, na hata sikufika mwisho akashika kichwa. Anasema Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya kaka yako, ina namna yake ya kupanga vitu kwenye diski, na Windows haiijui namna hiyo. Sasa Windows ikikutana na kitu isichokijua, haisemi sijui, inasema diski haijafomatiwa. Kuna watu wenye tabia hiyo, mwanangu, mmoja anakaa Mirongo. Na kufomati si kufungua, ni kufuta. Umemwaga mchuzi, ukachungulia sufuria, ukasema kaka hakupika.

Tena Alexander alikuambia! Aliposema yake ni Linux alikuwa anakupa sababu, wewe ukasikia majivuno. Ila naye haponi hapa. Luhaga anasema Linux inasoma diski za Windows bila taabu, ila Windows haisomi za Linux. Basi mwenye mashine inayoelewa kotekote ndiye aliyepaswa kuandika kwa namna ya mwenzake. Hakufanya hivyo, akakimbilia kwa ndugu kushtaki. Mkatie safu hii gazetini akaisome.

Sasa fanya hivi, na ufanye kesho. Kwenye kona ya hiyo diski kuna kidude cha plastiki. Kisogeze mpaka tundu lionekane wazi, hapo hata kidole kikikuwasha mashine haitaweza kufuta. Usiitie kabisa kwenye kompyuta ya dukani kwenu. Ipeleke Mabatini kwa Luhaga, mwenye mashine ya Linux mezani, pamoja na diski mpya mbili ulizozifomati mwenyewe kwenye Windows yako. Atahamishia humo hadithi zote, moja ya kazi na moja ya akiba. Siku kaka atakapopata kompyuta nyingine, mpelekee diski zilizotoka kwako, aandikie humo.

Zichapishe hadithi zote. Jumapili panda meli, na kikaoni usingoje kushtakiwa. Simama wewe kwanza, useme ulichokifanya na jinsi ulivyokosea. Wakiguna, waache wagune.

Kisha ondokeni wewe na Alexander mkakae kwa mama mumsomee. Za diski mbili za kwanza zimekwenda, sikudanganyi. Lakini nyote wawili mlilala mkizisikiliza tangu utotoni. Anza wewe, kaka yako amalizie, na kalamu iwe karibu. Mama hawezi kusema, ila masikio anayo. Mkikosea, atatikisa kichwa.